Tunadai wakunga wanawake, binti zetu tunawakataza uuguzi

  

Ndugu zangu Waislamu, mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hunijia na swali moja: "Ustaadhi, huyu binti kafaulu Bayolojia na Kemia, anataka kwenda kusomea unesi. Hivi dini inaruhusu?" Wengi wanaouliza hivyo huwa wamekwisha kuamua nyumbani kuwa hairuhusu, na kwangu wanatafuta mtu wa kuwaunga mkono ili binti akome kulalamika. Nimeona si vyema jibu hili liishie kwenye ofisi ya walimu. Tulizungumze wazi, kwa dalili, maana kuna haki ya mtoto ndani yake na kuna haki ya umma.

Hebu tuanze kwa kujiuliza. Mke wa Muislamu anapopata uchungu usiku akapelekwa hospitali, ni jambo gani la kwanza ambalo mume huuliza pale mlangoni? Huuliza kama yupo mkunga mwanamke. Akiambiwa kwamba aliye zamu ni mwanamume, baadhi yetu hugomba, wengine huondoka na mgonjwa wao kwenda kutafuta kwingine, wakati kila dakika ina hatari yake. Ghera hiyo ni nzuri, na Muislamu asiye na ghera kwa mkewe ana kasoro. Lakini mkunga huyo mwanamke, mwenye hijabu na anayemtaja Allah, tunamtegemea atoke wapi? Ni binti wa nani aliyeruhusiwa kwenda chuo? Kama kila baba wa Kiislamu anasema "wangu hapana", basi sote tunakwenda hospitali kudai kitu ambacho tumekataa kukitoa majumbani mwetu.

Wanachuoni wetu wamegawa faradhi katika mafungu mawili. Ipo faradhi ya kila mtu, kama swala na funga. Na ipo faradhi ya kutoshelezana, yaani fardhi kifaya, ambayo wakiitekeleza wa kutosha wengine husalimika, na isipotekelezwa wote hupata dhambi. Tumezoea kutoa mfano wa swala ya jeneza tukaishia hapo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliutaja utabibu waziwazi kuwa ni fardhi kifaya. Tena alilalamika kwamba ipo miji ya Waislamu ambayo matabibu wake wote si Waislamu, wakati watu wanasongamana katika fiqhi kwa kuwa ndiko kwenye vyeo. Hayo aliyasema zaidi ya miaka 900 iliyopita. Ukiyasoma leo utadhani alipita mitaani kwetu juzi.

Na wala uuguzi haukuingia katika Uislamu kupitia hospitali za wakoloni. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, sahaba mkubwa Saad bin Muadh (r.a.) alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) aliagiza awekwe katika hema lililokuwa msikitini Madina, la mwanamke aitwaye Rufaida al-Aslamiyya, ambaye kazi yake ilikuwa kutibu na kuuguza majeruhi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita pale kumjulia hali mgonjwa wake. Zingatia mahali penyewe: ni msikitini kwa Mtume, na mhudumu ni mwanamke.

Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, ameeleza kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (s.a.w.) vitani, wakiwanywesha watu maji, wakitibu majeruhi na kuwarudisha Madina. Umm Atiyya (r.a.), katika hadithi ya Imam Muslim, anasimulia kuwa alitoka pamoja na Mtume katika vita saba, akiwapikia wapiganaji, akiwatibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Na siku ya Uhud Mtume mwenyewe alipojeruhiwa usoni, binti yake Fatima (r.a.) ndiye aliyemwosha damu, na damu ilipozidi kutoka alichoma kipande cha jamvi akaweka majivu yake kwenye jeraha mpaka damu ikakatika. Huyo ndiye mbora wa mabinti, na kazi aliyoifanya siku ile ndiyo kazi ambayo tunawaambia wanetu kuwa haina heshima.

Hoja za wazazi

Sasa tuziangalie hoja za wazazi, maana si hoja za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kugusa wagonjwa wanaume. Ni kweli kwamba asili ni kutogusana asiye maharimu, na hatuna ruhusa ya kuibadili asili hiyo kwa matamanio yetu. Lakini wanachuoni, akiwemo Ibn Hajar katika sherehe yake ya Bukhari, wameitumia hadithi ya Rubayyi kuwa dalili ya kuruhusika mwanamke kumtibu mwanamume wa kando panapokuwa na dharura. Kanuni ya fiqhi ni kwamba dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: kinachofunuliwa ni sehemu inayotibiwa tu, kinachoguswa ni kinachohitajika tu, na wawili hawafungiwi peke yao. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Brunei mwaka 1993 iliweka utaratibu kwa upande wa mgonjwa mwanamke: atibiwe na tabibu mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke asiye Muislamu aliye mwaminifu, akikosekana mwanamume Muislamu, na mwisho mwanamume asiye Muislamu. Utaratibu huo unaanza na mwanamke Muislamu. Asipokuwepo kabisa, tunakuwa tumeruka daraja la kwanza kwa uzembe wetu wenyewe.

Hoja hii pia inawahusu vijana wa kiume. Hapa nchini mafunzo ya uuguzi na ukunga yanakwenda pamoja, hivyo kijana wa kiume naye atapita wodi ya wazazi katika masomo yake. Baadhi ya wazazi wanawazuia kwa sababu hiyo. Lakini mzee wako wa kiume akipooza, anayestahiki kumgeuza, kumwosha na kumweka mpira wa mkojo ni nani? Sitara ya wanaume nayo inahitaji wauguzi wanaume. Kijana ajifunze kwa kiasi cha mafunzo, ainamishe macho yake, na akishahitimu ana nafasi ya kuomba wodi ya wanaume, ya majeruhi au ya upasuaji.

Hoja ya pili ni zamu za usiku. Hofu ya mzazi hapa ni ya haki kabisa. Binti anayeshuka daladala saa tano usiku kituo kisicho na taa yuko hatarini, awe muuguzi au muuza duka. Kinachotakiwa ni kumtafutia usalama: kuuliza kama kituo chake cha kazi kina usafiri wa watumishi wa usiku, kupanga naye chumba karibu na hospitali, au kaka na baba kumpokea. Tunampokea binti anayetoka harusini usiku wa manane. Je, anayetoka kuokoa roho za watu ndiye tushindwe kumpokea?

Hoja ya tatu ni vazi. Nimesikia wanafunzi wakieleza kuwa katika chuo fulani waliambiwa wavue hijabu wakiwa wodini. Vipo vyuo na hospitali ambapo wauguzi huvaa mtandio safi uliochomekwa vizuri na kazi inaendelea. Suala la usafi ni la kweli. Mikono ya shungi inayoning'inia juu ya kidonda hubeba vijidudu, na mikono ni lazima ioshwe mpaka juu. Hata hilo lina ufumbuzi. Mwaka 2010 Wizara ya Afya ya Uingereza, katika mwongozo wake wa sare za watumishi wa hospitali, iliruhusu mikono ya nguo ya kutupwa baada ya kutumika kwa wale ambao dini yao inawataka wafunike mikono. Kwa hiyo mzazi aulize habari ya vazi kabla ya kulipa ada, na aombe majibu kwa maandishi. Kuuliza mapema kunamwepusha binti na ugomvi katikati ya masomo.

Hoja ya nne ni swala. Muuguzi aliye katikati ya kuzalisha hawezi kumwacha mama akaenda kuswali, na Allah hakumkalifisha hilo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alijumuisha swala akiwa Madina bila ya hofu wala mvua, ili asiwatie umma wake katika uzito. Wanachuoni wameichukua ruhusa hiyo kwa mwenye dhiki ya kweli, bila ya kuifanya mazoea. Siku za kawaida wenzako watakushikia zamu dakika kumi, nawe uwashikie wao wakiwa na shida zao.

Njia zenyewe

Baada ya hayo tuje kwenye njia zenyewe, kwani wazazi wengi hawazifahamu, na mtoto hupotea kwa kukosa wa kumwelekeza.

Njia ya kwanza ni ya anayetoka kidato cha nne. Vyuo vya ngazi ya kati viko chini ya NACTVET, baraza ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE. Mwanafunzi huanza na astashahada ya awali kwa mwaka mmoja, akiendelea mwaka wa pili hupata astashahada, na akimaliza mwaka wa tatu hupata stashahada ya uuguzi na ukunga, ambayo wengi tunaiita diploma. Sifa ya kuingilia ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yakiwemo Kemia, Bayolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza humwongezea nafasi.

Na hapa naomba walimu wenzangu na wazazi wanisikilize vizuri. Katika masomo hayo manne, somo la dini halihesabiwi. Mwanafunzi mwenye A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu na F ya Kemia mlango huu umefungwa kwake. Nayasema haya mimi ninayelisomesha somo hilo na kulipenda. Dini yake itamfaa duniani na akhera, lakini haitakaa mahali pa Kemia, kama ambavyo Kemia haitakaa mahali pa swala. Mtoto aliyeacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuambiwa ni ngumu kwa wasichana, hakuna aliyemwambia kuwa siku ile alikuwa anauacha na uuguzi.

Njia ya pili ni ya kidato cha sita, kwa aliyesoma mchepuo wa sayansi wenye Kemia na Bayolojia. Huyu huomba shahada ya uuguzi chuo kikuu, mfano Muhimbili, ambako masomo ni miaka minne, kisha hufuata mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mwongozo wa TCU unaotolewa kila mwaka hutaja alama zinazotakiwa kwa kila chuo. Asomewe mwongozo wa mwaka huo, si wa dada yake aliyeomba miaka mitatu nyuma.

Njia ya tatu ni ya kupanda ngazi. Mwenye diploma akifanya kazi anaweza kurudi kusomea shahada, na mwenye shahada akaendelea na shahada ya uzamili, akawa bingwa wa uuguzi wa wagonjwa mahututi, wa watoto au wa afya ya akili, au akawa mwalimu wa chuo. Kwa hiyo mzazi asimdharau mwanawe kwa kuanza na cheti. Hata hivyo, tusiwafiche watoto kwamba njia hii ni ndefu na kila hatua ina ada yake.

Njia zote tatu hupita mlango mmoja. Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi bila ya kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010. Ndiyo maana uchaguzi wa chuo si jambo la kufuata tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Chuo kisipotambuliwa, miaka mitatu na ada yote vitakuwa vimekwenda na maji. Mzazi aende mwenyewe. Aulize namba ya usajili wa NACTVET kisha aihakiki kwa baraza lenyewe. Aulize wanafunzi hufanya mazoezi hospitali gani, ina wagonjwa wa kutosha au ni zahanati yenye vitanda vitano, na katika wodi moja hujazana wanafunzi wangapi, maana uuguzi haujifunzwi kwa kusimama nyuma ya migongo ya wenzako. Aulize wangapi katika waliomaliza mwaka uliopita wamepata leseni. Atazame bweni la wasichana na mahali pa kuswalia.

Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Waislamu wengi walikuwa wakiikwepa mikopo hii kwa kuogopa riba, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Anayechunga dini yake asome masharti kama yalivyo sasa, ayapeleke kwa mwanachuoni anayemwamini, kisha aamue. Asikae na fatwa ya mkataba ambao umekwisha kubadilishwa.

Ukweli mwingine wa kuwaambia watoto ni kuhusu ajira. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2025 limesema dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na ilipungukiwa na wengine milioni 5.8. Pamoja na hayo, hapa kwetu wapo wahitimu wanaokaa nyumbani wakisubiri nafasi za serikali zitangazwe. Uhitaji wa wagonjwa ni kitu kimoja, na bajeti ya kumlipa muuguzi ni kitu kingine. Anayeingia kwa kudhani kuna mshahara mnono unaomsubiri mlangoni atavunjika moyo. Lakini anayeingia kwa nia ya ibada, akawa tayari kuanza hospitali binafsi au kwenda wilaya ya mbali, rizki yake iko kwa Allah kama ya wengine.

Wajibu wa misikiti na wauguzi

Misikiti nayo ina sehemu yake. Tunachangishana kwa marumaru na vipaza sauti, na hayo yana ujira wake. Lakini kamati ya msikiti inayoweza kununua zulia haishindwi kuwalipa walimu wawili wa Kemia na Fizikia kila Jumamosi na Jumapili katika madrasa zilizo wazi mchana kutwa. Wapo wanachuoni wanaoruhusu kumpa zaka mwanafunzi fukara anayesomea elimu yenye manufaa kwa umma. Maimamu wetu walitafiti hilo na kutuongoza, kisha kila msikiti uweke lengo: mwaka huu tutamsomesha binti mmoja na kijana mmoja mpaka wapate leseni. Baada ya miaka kumi mtaa huo hautauliza tena nani atatuzalishia wake zetu.

Mwisho nizungumze na ninyi mnaosoma fani hii au mnaotarajia kuisoma. Vazi peke yake halitoshi. Sote tunafahamu malalamiko ya kinamama juu ya lugha wanayotolewa wakiwa kwenye uchungu. Mama aliyetukanwa na muuguzi mwenye hijabu ataondoka na picha gani ya Uislamu? Katika Suratul Qasas tunasoma habari ya mabinti wawili wa mzee wa Madyan, waliotoka kunywesha mifugo kwa kuwa baba yao alikuwa mzee, wakakaa kando na msongamano wa wanaume. Ni mmoja wa mabinti hao aliyemshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Nguvu katika kazi yenu ni ujuzi, yaani kuijua dawa na kipimo chake, kuijua dalili ya hatari kabla mama hajamwaga damu nyingi. Uaminifu ni kutouza dawa ya mgonjwa, kutotangaza siri yake, na kuamka usiku anapoita hata kama hakuna anayekuona.

Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa katika nchi yetu kinamama 556 walikufa kwa uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulionesha 104. Hiyo ni hatua kubwa, na mikono ya wakunga imo ndani yake. Lakini hao 104 waliobaki ni mama zetu na wake zetu, na Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 32, imetufundisha kuwa anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Mzazi ambaye fomu ya maombi iko mezani kwake wiki hii inasubiri saini, naomba aifikirie aya hiyo kabla ya kuiweka kalamu chini. Na akiisaini, amsindikize mwanawe kwa nasaha na dua, asimwachie chuo peke yake kazi ya malezi.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape wagonjwa wetu shifaa, awalinde vijana wetu katika masomo yao, na ajaalie watokee miongoni mwao watakaouondolea umma huu dhambi ya faradhi iliyoachwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.